Chupa ya Lobi

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Tangawizi imebaki vidole vitatu. Nimeponda kimoja asubuhi, viwili nimevitundika juu ya mlango, panya wasifike. Mchaichai upo wa kutosha nyuma ya nyumba. Ndimu nne. Asali robo chupa. Kitunguu saumu hakuna tangu mwezi uliopita. Kilikuwa kinakuja na ndege kutoka Butembo, na ndege siku hizi zinabeba wenye bunduki.

Watu sita leo. Wanne kikohozi, mmoja tumbo, mmoja alikuja kusengenya tu. Kisha akaja wa saba na homa, huyo nimemfukuza aende kwa masista. Chai yangu haitibu malaria na sitaki kusingiziwa maiti.

Sikuomba kazi hii. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Lakini askari wanalala kwenye madarasa. Mto umefungwa huko chini, boti hazipandi tena kutoka Kinshasa, na duka la dawa la kona limebaki na plasta na vumbi. Mume wangu na watoto walikwama Butembo barabara ilipokatika, nami nimekwama hapa Mangobo, mtaani Kisangani, kulinda duka lake lenye rafu tupu. Ninayoyajua kuhusu majani niliyapata kwa mama yangu jikoni. Nachemsha. Watu wanakunywa. Wengine wanapona, nami najifanya sikushangaa.

Bea bado anakohoa. Namsikia kupitia ukuta. Mimba ya miezi minane, na kila akikohoa anashika tumbo kwa mikono miwili. Mama yake, Mama Antoinette, ameniuliza mara mbili kama nina kitu cha kumpa. Ni watu wa mto hao, wa Isangi. Mkwe wake, mume wa Bea, alishuka na mtumbwi wake kabla ya mapigano na bado hawajasikia habari zake. Nimeahidi kesho.

Jumanne, 9 Novemba

Nimetumia tangawizi yote iliyobaki kwa Bea. Sijutii.

Nimeikwaruza ganda, nikaiponda, nikaichemsha na mchaichai (majirani wanauita sinda, nimechoka kuwasahihisha) mpaka maji yakageuka rangi. Nikaacha ipoe kabla ya kutia asali na ndimu. Mama alikuwa mkali hapo: asali haichemshwi. Nimejaza chupa moja ya bia, nimeiziba kwa ganda la mgomba.

Halafu nikaona majani machungu ya kongobololo uani yamejaa, nikapata wazo. Bea atajifungua mwezi ujao. Mwanamke akishazaa, anapewa maji ya kongobololo kusafisha tumbo. Kwetu wanafanya hivyo, kwao pia. Nikachemsha na hayo, mazito, yanayokunja uso. Chupa ya pili. Hakuna aliyeniomba. Lakini kesho naenda Bengamisa kutafuta tangawizi, na nani ajuaye nitarudi lini na barabara hizi. Kheri niiache tayari.

Dawa hii mwenye mimba haigusi kabisa. Mama alikuwa akisema uchungu huita uchungu. Ule wa mdomoni unauita ule wa tumboni.

Nimekata karatasi mbili. Sikutaka kuandika "baada ya kuzaa". Mtoto ambaye hajafika haandikwi, hilo najua hata mimi ninayejifanya sina ushirikina. Na Mama Antoinette ananicheka kila siku kwa Kiswahili changu cha Butembo. Basi nimeandika kwa Lingala chao, kwa herufi kubwa nzuri za ubaoni. Ya tangawizi: LELO. Ya kongobololo: LOBI. Ya leo, na ya kesho. Atakayesoma ataelewa kwamba moja ni ya sasa na nyingine ni ya wakati wake utakapofika. Nimeifurahia sana akili yangu.

Jumatano, 10 Novemba, Bengamisa

Nimefika. Mifupa yote ipo, ingawa si mahali pake. Kutwa nzima nyuma ya baiskeli ya toleka, mfuko wa chumvi mapajani. Kijana wa watu amekanyaga toka alfajiri bila kulalamika, mlimani tu tulishuka wote tukasukuma. Vizuizi vitatu. Kila kimoja kimekula kikombe cha chumvi.

Asubuhi nilipita kwa Mama Antoinette. Alikuwa ameenda mtoni kupokea samaki, Bea amelala. Mtu wa toleka alikuwa akipiga kengele barabarani. Nikaweka chupa zote mbili mezani, karatasi zikitazama mlango, nikaondoka. Karatasi inasema yote.

Nimepokewa na binamu ya mume wangu, Mama Katungu, ambaye ana duka dogo hapa. Nimekula wali na sombe, majani ya muhogo. Kesho soko, keshokutwa nyumbani. Nimechoka vizuri.

Alhamisi, 11 Novemba, Bengamisa

Sijui nianzie wapi.

Soko lilikuwa zuri. Tangawizi nono, yenye udongo bado, kutoka njia ya Banalia. Asali ya msituni nyeusi. Nilibadilisha chumvi nikapata kikapu kizima. Nilikuwa nimeshamaliza. Nikaenda kununua kwanga ya njiani, ule mkate wa muhogo.

Mwanamke alikuwa na mafungu mawili. Nikamuuliza tofauti. Akanionyesha kwa kidole:

"Hii ni ya lelo. Ile ni ya lobi. Ya lobi kula mbele, isikuharibikie."

Kwanga ya lobi. Kwanga ya jana.

Miaka kumi na minane naishi Kisangani. Lingala nakisema sokoni, kanisani, kwa hasira na kwa utani. Najua vizuri kwamba kwao jana na kesho ni neno moja, lobi. Mtu akisema, kitenzi kinakuambia kama jambo limepita au linakuja. Kwenye chupa hakuna kitenzi. Mimi, mwalimu wa sarufi, nimeandika neno hilo peke yake nikaliacha mezani.

Mama Antoinette ataona chupa ya leo na chupa ya jana. Na mwanamke yule hatupi hata maji ya kuoshea mchele. Ataanza na ya jana, isiharibike. Atampa Bea, kwa kikohozi.

Nilimwacha mwenye kwanga na mkono wake hewani. Nikakimbia kwa Mama Katungu nikasema narudi sasa hivi. Akanishika bega. Njia imefungwa tangu saa nne. Risasi zimesikika upande wa kilomita za mbele, askari wamevuta mti barabarani, hapiti mtu wala baiskeli. Nimeenda mwenyewe kuona. Mti upo. Askari aliyekaa juu yake ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nikamwambia kuna mgonjwa. Akasema kila mtu ana mgonjwa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeisema mithali hiyo darasani mara mia, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kumwaga kitu.

Ijumaa, 12 Novemba, Bengamisa

Mti bado upo.

Nimeenda asubuhi, saa sita, alasiri. Nimeomba kupita kwa miguu. Hapana. Nimemwomba mtu wa toleka apite porini apeleke ujumbe. Amekataa na ana haki. Ana mke.

Nahesabu. Jumatano mchana Mama Antoinette alirudi kutoka mtoni. Jumatano jioni, glasi ya kwanza. Alhamisi asubuhi, ya pili. Bea ni mtiifu, akipewa anameza. Kama ni hivyo basi wakati nachagua tangawizi mambo yalikuwa yamekwisha.

Sijala. Mama Katungu anasema labda mwanamke ameelewa. Labda. Mimi nilivyoandika, hata askofu asingeelewa.

Ninachojichukia si kosa lenyewe. Ni ile furaha. Nilisimama pale mezani nikageuza chupa ili herufi zangu zionekane.

Nimeanza rozari mara tatu. Sikuweza kufika mwisho wa hata moja.

Jumamosi, 13 Novemba

Alfajiri mti umeondolewa. Hakuna aliyesema kwa nini, hakuna aliyeuliza. Tumeondoka tukiwa wa kwanza. Nimeacha nusu ya tangawizi kwa Mama Katungu ili baiskeli iwe nyepesi. Mtu wa toleka ameniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kanyaga.

Mangobo saa nane mchana. Nyumba ya Mama Antoinette imefungwa kwa kufuli. Jirani wa ng'ambo, anayeuza mafuta ya mawese, akapaza sauti kwamba Bea ameshikwa na uchungu tangu jana asubuhi, wamempeleka maternité, kwa wakunga. Kabla ya wakati, akasema, sijui amekula nini.

Sijui amekula nini. Alikuwa anapima mafuta huku akisema.

Niliketi kwenye kizingiti chao. Kisha nikainuka nikatembea, sikuchukua hata toleka, niliogopa kufika haraka.

Nimemkuta Mama Antoinette uani pa maternité, ameinama kwenye beseni, anafua vitambaa. Nimesimama nyuma yake. Yeye ndiye aliyegeuka.

"Mwalimu, karibu. Tuko na mutoto mwanamuke. Kadogo, lakini ana sauti."

Nimelia pale pale. Amedhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini si hiyo tu.

Nimemwona. Ni mdogo kweli, amefungwa kitenge, uso umekunjika kama wa mtu aliyeamshwa bila ruhusa. Mkunga anasema anapumua vizuri na ananyonya. Bea amechoka ila yu mzima, ameniuliza habari za Bengamisa. Anakohoa bado, kidogo. Nimemshika mkono nikashindwa kuuachia mpaka mkunga akanitoa.

Sikuuliza kuhusu chupa. Nilifungua mdomo mara mbili. Mwoga mimi.

Wote wazima. Naandika tena: wote wazima. Nimekula sahani mbili za maharage ya jirani na sasa nalala na nguo nilizosafiri nazo.

Jumapili, 14 Novemba

Misa ya kwanza. Padri alihubiri kitu, sikukisikia. Nilikuwa namshukuru Mungu na wakati huohuo najificha kwake, jambo ambalo halina faida.

Wazima, ndiyo. Lakini kama mtoto ametoka mapema kwa sababu yangu, mama yake ana haki ya kujua. Na nikinyamaza, kila nitakapomwona mtoto huyo akipita nitakuwa naangalia pembeni. Mficha uchi hazai. Baada ya misa nikaenda moja kwa moja.

Wamerudi nyumbani asubuhi hii. Bea amelala na mtoto kifuani. Chupa zote mbili ziko mezani palepale nilipoziacha. Ya LELO iko tupu. Ya LOBI imejaa mpaka shingoni, au karibu.

Nimeitazama ile chupa mpaka Mama Antoinette akaniuliza kama naona nyoka.

Nimemwambia yote. Kongobololo, karatasi, neno, mwanamke wa kwanga, mti barabarani. Nilisema haraka, kwa Kiswahili changu cha Butembo, na mara hii hakucheka. Kisha akasema ndiyo, aliisoma kama nilivyoogopa. Jana. Alimimina glasi ya ile ya jana, aimalize kwanza. Ilikuwa tayari mkononi, Bea amekaa kitandani anangoja.

"Nilionja," akasema. "Mutu anapeana dawa anaonja yeye mbele, mugonjwa aone. Sasa mu hii vita, nani anakunywa kitu bila kuona? Nilionja, bon, nikasikia bololo, ile uchungu. Hii najua, nilikunywa hii kisha kuzaa watoto saba. Nikarudisha mu chupa."

Hakumwuliza mtu. Ulimi wake ulimtosha. Akampa Bea ya tangawizi, siku mbili, kikohozi kikapungua. Uchungu ulipoanza Ijumaa, akahesabu upya akakuta walikosea mwezi tangu mwanzo. Mkunga naye alimwambia hivyo: mtoto ni mdogo kwa kuwa mama hakula vizuri, si kwa kuwa amewahi.

Nilitaka kumkumbatia. Aliinua mkono kunizuia. Hasira yake ilikuwa inafika sasa, polepole, baada ya hofu.

"Mwana yangu haiko kaye yako ya kuandikia, Mwalimu. Dawa inapeanwa na mukono. Haiachwe ku meza."

Hakupaza sauti. Nilikubali. Nilisema nisamehe, akasema amesikia, na kusikia si kusamehe, lakini nimetoka pale na kifua chepesi ambacho sijakuwa nacho tangu Alhamisi. Ananikasirikia. Na anikasirikie mwaka mzima. Hakuna kaburi. Ningeweza kucheza barabarani.

Niliporudi nyumbani nilicheka mwenyewe jikoni mpaka nikashika meza. Siku tatu nimemzika Bea kila saa moja, kumbe glasi yenyewe ilirudi chupani bila kufika mdomoni mwake.

Jumatatu, 15 Novemba

Mama Antoinette hakunisalimia kisimani. Alijaza ndoo yake, akaondoka. Nimestahili.

Watu watano leo. Nimefanya kazi kwa namna mpya na inachosha. Kila mmoja nimemkalisha, nimemmiminia, nimeonja mbele yake, kisha nimempa mkononi na kumwambia kwa mdomo: hii ni ya nini, unywe lini, usimpe nani. Halafu namwambia arudie. Mzee mmoja wa kikohozi amerudia kama mwanafunzi, mikono nyuma, kisha akaniuliza kama amefaulu. Mwingine alisema zamani nilikuwa mwepesi zaidi. Nikamwambia zamani nilikuwa mjinga zaidi.

Vidole vya tangawizi kwa siku: tisa. Nikienda hivi nitachungulia mwisho wa kikapu kabla ya Noeli. Sijali.

Mtoto amelia kupitia ukuta saa tisa alasiri. Sauti ndogo, kali, ya kudai. Niliacha kuponda ili nisikilize.

Jumanne, 16 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimebaki ndani, nimechambua majani makavu.

Baadaye kidogo mlango ukasukumwa, Mama Antoinette akaingia bila hodi, kitenge kichwani kimelowa. Mkononi ile chupa. Karatasi alishaibandua. Hakukaa. Akasema siku tatu zimepita tangu kuzaa, sasa ndiyo wakati wake, lakini chupa ina wiki nzima na yeye hampi Bea kitu cha wiki nzima. Nichemshe mpya. Atangoja.

Nikachemsha. Akaketi kwenye kigoda cha mume wangu akatazama kila jani nililotia. Alisema moto ni mkubwa mno. Nikapunguza. Alisema kwao Isangi wanatia na chumvi kidogo sana. Nikatia. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Yalipopoa tukavuka ua pamoja, nimeshika sufuria, ameshika glasi. Bea alikuwa ameketi, mtoto begani. Nikamimina. Nikainua glasi nimpe Bea, na Mama Antoinette akakohoa kidogo, kwa makusudi.

Nikanywa mimi kwanza. Si tone la kugusa midomo, fundo zima. Machozi yalinitoka kwa uchungu wake. Bea akacheka, na mama yake akageuka dirishani ili nisimwone anavyocheka.

Kisha Bea akanipa mtoto nimshike, akachukua glasi kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini.